Aliyezama Maji Apewe Pumzi Kwanza

Tarehe 7 Desemba 2010, katika Mto Lukuga unaotoka Ziwa Tanganyika na kuelekea bonde la Mto Kongo, watu watatu walikuwa wakisafiri kwa kayaki, yaani mitumbwi myembamba iliyofunikwa juu, ambayo mpiga kasia huketi ndani yake na kuuziba uwazi wa kiunoni kwa kitambaa kisichopitisha maji. Kiongozi wao, Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliijua mito ya Afrika kuliko watu wengi. Mwaka 2004 aliongoza safari ya kuufuata Mto Nile kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Mediterania. Siku hiyo walikuwa wakienda kwa kukaribiana ili walindane. Mamba alitokea bila kuonekana, akamvuta kiongozi huyo majini mbele ya wenzake wawili. Hakuonekana tena.

Habari hiyo ilienea duniani kote, na kilichoieneza ni mamba. Hata hivyo, kule Jinja nchini Uganda, ambako wageni na wenyeji hujifunza mchezo wa kayaki katika Mto Nile, mwanafunzi haanzi kwa kufundishwa kumkwepa mamba. Kama ilivyo katika shule nyingi za mchezo huo, huanza kwa kupinduliwa makusudi katika maji yaliyotulia, kichwa kikiwa chini, ili ajifunze kuvuta utepe wa kile kitambaa, kujichomoa na kurudi juu. Sababu ni moja. Aliyepinduka ana pumzi ile moja aliyoivuta kabla ya kupinduka, na ujuzi wake wote, nguvu zake zote na ushujaa wake wote hudumu kadiri pumzi hiyo inavyodumu.

Jorodom, katika wilaya ya Hanang mkoani Manyara, kayaki si chombo cha watu. Yapo makorongo ambayo kwa miezi mingi huwa mchanga na mawe matupu, kisha mvua inaponyesha mlimani hugeuka mito kwa muda mfupi, wakati mwingine hata huku bondeni jua likiwa linawaka. Yapo malambo ya kunyweshea mifugo, visima vilivyo wazi na mashimo yaliyochimbwa kokoto yakaachwa yajae maji. Wapo watoto wachungaji, wanafunzi wanaovuka kwenda shule, akina mama wanaorudi kutoka kliniki au mnadani, na waendesha bodaboda wasiotaka kumpoteza abiria. Hao hawakufundishwa kupinduka. Lililo zito zaidi ni kwamba wanaowapokea ukingoni hawakufundishwa jambo moja ambalo wahudumu wa afya wa mkoa huohuo wanalijua vizuri mno: namna ya kumpa pumzi mtu asiyepumua. Ujuzi huo umo ndani ya wodi, nao unapaswa kushuka hadi korongoni.

Kifo kisicho na kelele

Methali husema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa maana yake ya maisha ni methali ya kweli, lakini anayeichukua kama maelezo ya kitabibu hupotoka. Wapo wanaotapatapa na kupiga kelele, ila hao bado wana pumzi ya kupigia kelele. Anayezama hasa, mara nyingi hana sauti. Mdomo wake huwa usawa wa maji, ukizama na kuibuka, na kila unapoibuka mwili huutumia muda huo kuvuta hewa, si kuita. Mikono husukuma maji kwenda chini badala ya kupunga. Mtoto mdogo anaweza kutoweka katika muda usiofika dakika moja, huku dada yake akijaza ndoo hatua chache kutoka hapo na asisikie kitu. Mzazi anayengoja kelele ndipo akimbie, atakuwa amechelewa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya Desemba 2024, lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Zaidi ya asilimia 90 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu robo yao walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka 5. Mnamo Aprili 2021 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzuia vifo hivi na kuitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka iwe siku ya kuvikumbuka na kuvikabili. Pamoja na hayo, kwenye kuta za zahanati zenye mabango ya malaria, chanjo na uzazi wa mpango, bango la kufa maji ni nadra. Kifo hiki bado huhesabiwa kuwa bahati mbaya ya familia, wakati kina sababu zinazojulikana, kinga inayojulikana na huduma ya kwanza inayojulikana.

Mapafu kabla ya moyo

Msingi wa huduma hiyo unafahamika vizuri zaidi kwa kulinganisha. Mtu mzima anayeanguka ghafla sokoni kwa ugonjwa wa moyo, moyo wake ndio unaosimama kwanza. Damu yake bado ina oksijeni, na kwa hiyo kumkandamiza kifua mara moja humsaidia hata kabla hajapewa pumzi. Kwa aliyezama, mambo huenda kinyume. Hewa ndiyo inayokatika kwanza. Maji kidogo yanapofika kooni, njia ya hewa inaweza kujibana. Mtu humeza maji, huvuta mengine mapafuni, oksijeni katika damu hushuka, hupoteza fahamu, na pumzi hukoma. Moyo huendelea kupiga kwa muda, ukizidi kupungua kasi, kisha nao husimama kwa kukosa oksijeni. Ubongo huanza kudhurika baada ya dakika chache tu, kwa kawaida kati ya 4 na 6.

Kati ya kukoma kwa pumzi na kusimama kwa moyo pana mwanya mfupi. Aliyetolewa majini ndani ya mwanya huo anaweza kurejea kwa kupewa pumzi peke yake, kwa kuwa moyo wake haujasimama. Mwanya ukishapita, atahitaji pumzi pamoja na kukandamizwa kifua. Kumkandamiza kifua bila kumpa pumzi ni kuzungusha damu iliyokwisha kupungukiwa oksijeni. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa humtenga aliyezama na wagonjwa wengine wa dharura: yeye huanziwa pumzi. Miongozo ya Marekani huanza na pumzi 2, ya Ulaya huanza na pumzi 5, kisha yote huendelea kwa kukandamiza kifua mara 30 na kutoa pumzi 2, kwa kupokezana. Mwananchi hana haja ya kuhangaika na tofauti ya mbili na tano. Kinachotakiwa akikumbuke ni kwamba pumzi ndiyo ya kwanza.

Yanayofanyika ukingoni

Mahali pengi mambo yanayofanyika ni mengine. Mtoto aliyetolewa lamboni hushikwa miguu akaning'inizwa kichwa chini, au huzungushwa hewani, au hulazwa juu ya goti akakandamizwa tumbo mpaka maji yatoke. Wanaofanya hivyo wana huruma na wana haraka, na wanafuata fikra inayoonekana kuwa ya busara: mapafu yamejaa maji, kwa hiyo yamwagwe kwanza kama dumu. Lakini mapafu si dumu. Maji yanayoingia humo mara nyingi si mengi, na sehemu kubwa yake hufyonzwa. Yale yanayotoka tumbo linapokandamizwa ni ya tumboni, pamoja na chakula, na yakishapanda hadi kooni huweza kushuka mapafuni na kuongeza madhara. Isitoshe, muda wote mtoto anaponing'inizwa hapati hewa. Dakika mbili za kumning'iniza ni nusu ya muda ambao ubongo wake unaweza kuvumilia.

Jambo la pili linalofanyika ni kumkimbiza hospitali bila kumpa kitu. Mtu asiyepumua huwekwa kwenye bodaboda kati ya dereva na ndugu anayemshikilia, kichwa kikining'inia, kwa nusu saa ya barabara ya vumbi au matope. Wanapofika kituoni, mganga hupokea mwili. Ndugu huondoka wakiamini kwamba hospitali ilikuwa mbali mno. Ukweli unaouma ni kwamba tiba aliyoihitaji kwanza ilikuwapo palepale ukingoni, katika mapafu ya kila aliyesimama kumtazama.

Utaratibu wenyewe haumshindi mtu wa kawaida. Aliyetolewa majini alazwe chali mahali pakavu na pagumu. Aitwe, atikiswe bega. Asipoitika na asipopumua, au akiwa anahema kwa kukatika kama mtu anayekata roho, mwokoaji mmoja aanze kazi huku mwingine akitafuta usafiri na msaada. Kichwa kiinamishwe nyuma kidogo na kidevu kiinuliwe ili njia ya hewa ifunguke. Kwa mtoto mchanga kichwa kikae sawa tu. Matope au majani yanayoonekana mdomoni yaondolewe kwa kidole, bila kupekua kooni. Pua ibanwe, mdomo wa mwokoaji uufunike mdomo wa mgonjwa, na hewa ipulizwe kwa sekunde moja hivi mpaka kifua kiinuke. Kwa mtoto mchanga, mdomo wa mwokoaji hufunika mdomo na pua kwa pamoja. Asiporejea, kifua kikandamizwe katikati, kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kifua kishuke sentimita 5 hivi. Kwa mtoto kishuke theluthi moja ya unene wake. Kila mikandamizo 30 ifuatwe na pumzi 2. Povu jeupe au la waridi likitoka, pumzi ziendelee kutolewa. Muda usipotezwe kulifuta. Akitapika, ageuzwe ubavu, asafishwe mdomo, arudishwe, kazi iendelee. Akianza kupumua, alazwe kwa ubavu, avuliwe nguo zenye maji, afunikwe kwa kitu kikavu, na apelekwe kituoni hata kama amesimama na kusema hana tatizo.

Ujuzi uliomo wodini

Yote haya yangeonekana kuwa ndoto kama mkoa wa Manyara usingekuwa umekwisha kuthibitisha kwamba yanawezekana. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, ni miongoni mwa hospitali za Tanzania zilizopokea mapema mafunzo ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua. Mafunzo hayo yana msingi uleule wa ukingo wa mto. Mtoto aliyezaliwa bila kulia, mara nyingi moyo wake bado unapiga. Anachokosa ni hewa. Akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipopumua apewe hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ile ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu.

Matokeo yake yanajulikana. Utafiti wa hospitali 8 za Tanzania uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba baada ya mafunzo hayo vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Haydom yenyewe ilitoa somo la ziada ambalo linastahili kukaririwa na kila mpangaji wa semina. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri mbele ya mwanasesere, lakini utendaji wao kwa watoto halisi haukubadilika ipasavyo. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, mwanasesere akiwa karibu na kitanda cha kujifungulia. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mpango mpana zaidi wenye mwelekeo huohuo, uliofanyika katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara ikiwemo, ulitangaza mwaka 2025 kwamba vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 vilipungua kwa takriban asilimia 40.

Kwa hiyo katika milima ya Mbulu na Hanang wapo wakunga na wauguzi waliokwisha kumwona mtu akitoka katika ukimya na kuanza kulia kwa sababu ya hewa iliyotolewa kwa wakati. Mtoto aliyeokolewa kwa dakika ya dhahabu mwaka aliozaliwa anaweza, akifika miaka mitatu, kuanguka lamboni na kufa kwa kukosa pumzi ileile, mbele ya watu kumi wenye mapafu mazima. Hakuna sababu ya kitabibu inayoufanya ujuzi huu uishie kwenye mlango wa wodi ya wazazi.

Lipi lifanyike

La kwanza ni mafunzo, nayo yafuate somo la Haydom: yawe mafupi na yawe ya mara kwa mara. Semina moja ya siku nzima yenye posho na cheti haitafika mbali. Dakika kumi katika siku ya kliniki ya watoto, mama mmoja akishika mwanasesere na wengine wakitazama, zikirudiwa kila mwezi, zitafika. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kuyapeleka mazoezi hayo shuleni, kwenye vijiwe vya bodaboda, mnadani, na kwa wavuvi wa Ziwa Basotu. Lugha iwe Kiswahili chepesi, na pale penye wazee wasiokitumia sana, Kiiraqw au Kidatoga kupitia kwa kijana wa palepale.

La pili ni kinga. Maji yanayotembea yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Kina cha sentimita 15 kinaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinaweza kulisogeza gari dogo, na sentimita 60 huweza kubeba magari mengi. Mnamo Aprili 2024, jijini Arusha, gari dogo lililokuwa limebeba wanafunzi lilisombwa na maji korongoni, na watoto kadhaa wakafa. Korongo likijaa, lingojewe lipungue. Visima vifunikwe, malambo yazungushiwe miiba au uzio, na ndoo ya maji isiachwe wazi nyumbani penye mtoto anayetambaa. Aliyeangukia majini aokolewe kutoka ukingoni kwanza: anyooshewe fimbo ya mchungaji, arushiwe kamba au shuka iliyofungwa ncha, au arushiwe dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko ili alishike lielee naye. Anayejitosa bila kujua kuogelea huongeza msiba juu ya msiba.

Tanzania imekwisha kuona thamani ya mwananchi aliye jirani na maji. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, wavuvi ndio waliotangulia kufika. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alitumia kasia kusaidia kuufungua mlango wa nyuma. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walinusurika. Serikali ilimtunuku na kumwelekeza kwenye Jeshi la Zimamoto na Uokoaji apate mafunzo. Ilikuwa heshima iliyostahili, lakini utaratibu huo unapaswa kugeuzwa: wananchi waishio kando ya maji wafundishwe kabla ya ajali, si baada yake.

La tatu linavihusu vituo vya afya vyenyewe. Mfuko na barakoa ya mtu mzima na ya mtoto mkubwa viwepo karibu na mlango, si kabatini chini ya ufunguo wa mtu aliye likizo. Aliyenusurika kuzama apewe oksijeni akiihitaji, apimwe kiwango cha oksijeni katika damu, na asikilizwe mapafu. Hata asiye na dalili yoyote aangaliwe kwa saa kadhaa, kwa kawaida 4 hadi 6 au zaidi, kwa kuwa mapafu yaliyoguswa na maji yanaweza kuanza kushindwa baadaye. Anayekohoa, anayehema kwa kasi au anayesinzia asiruhusiwe kwenda nyumbani. Dawa za viuavijasumu zisitolewe kwa mazoea pasipo dalili za maambukizi. Katika nyanda za baridi kama za Hanang, mgonjwa aliyepoa sana apashwe joto huku juhudi zikiendelea, na asitangazwe haraka kuwa amekufa. Karatasi nazo zingoje. Fomu ya polisi, PF3, ina kazi yake, lakini haina kazi ya kumpa mtu pumzi. Anayeletwa bila kupumua ahudumiwe kwanza, karatasi zifuate.

Yanayopingwa

Wapo watakaouliza kama ni salama kuweka mdomo juu ya mdomo wa mtu mwingine katika zama za maambukizi. Swali hilo ni la haki na halipaswi kupuuzwa. Hatari ya kuambukizwa kwa njia hiyo ni ndogo, na mara nyingi anayezama huokolewa na mzazi, kaka au jirani yake. Anayeogopa kabisa, au anayeona damu mdomoni, aendelee kukandamiza kifua mpaka apatikane mwenye kuweza kutoa pumzi. Hilo ni pungufu, lakini ni bora kuliko kusimama tu. Wengine huogopa kuvunja mbavu. Mbavu zinaweza kuvunjika, nazo huunga. Ubongo uliokaa dakika kumi bila oksijeni mara nyingi haurudi ulivyokuwa.

Wapo pia watakaosema kwamba wilaya zenye upungufu wa dawa na watumishi haziwezi kuongezewa mzigo mwingine. Lakini huu ni mzigo mwepesi kuliko yote. Haudai dawa, mtambo wala umeme. Unadai mwanasesere ambaye huenda yupo tayari wodini, au mto wa pamba uliofungwa kamba palipo na uhaba, na mhudumu mwenye nia ya kurudia jambo lilelile mara nyingi bila kuchoka.

Na wapo wazee watakaokumbusha kwamba maji yana wenyewe. Katika masimulizi ya Wairaqw, mito na chemchemi ni makao ya roho, na mtoto hakuachwa azisogelee ovyo. Mhudumu wa afya hana sababu ya kuyacheka masimulizi hayo. Yamewaepusha watoto wengi na kingo za mito. Anachoweza kuongeza ni kwamba heshima kwa maji haimzuii mtu kumpa pumzi aliyetolewa humo. Mzee akilikubali jambo hilo na kulisema kwenye kikao cha kijiji, litasikika kuliko bango lolote.

Asubuhi ya Katesh

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, na maji, matope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi na Jorodom vikiwemo. Zaidi ya watu 80 walikufa. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba haukuwa mlipuko wa volkano, kama wengine walivyodhani, bali miamba dhaifu ya mlima iliyonyonya maji mpaka ikaporomoka. Vikosi vya jeshi na vya uokoaji vilikuja, na taifa zima lilisimama na wafiwa. Lakini katika saa za mwanzo, kabla magari hayajapita barabara iliyozibwa na matope, waliokuwa wakiwavuta watu kutoka kwenye tope walikuwa majirani, kwa mikono yao na majembe yao.

Katika janga la aina hiyo wengi hufa kwa majeraha au kwa kufukiwa, na hakuna pumzi ya jirani ingewarejesha. Kusema vinginevyo ni kuwadanganya wafiwa. Hata hivyo, katika kila janga la maji huwapo wachache waliotolewa wakati moyo bado unapiga, matope mdomoni, kifua kimenyamaza. Hao hawana muda wa kungoja gari. Maisha yao yamo mikononi mwa yule aliyewatoa, na kama anajua la kufanya au hajui ni jambo linaloamuliwa miezi mingi kabla, katika siku ya kawaida ya kliniki, muuguzi anapomtoa mwanasesere kabatini au anapoamua kumwacha humo.

Mvua za Manyara zitanyesha tena, na makorongo ya Jorodom yatajaa tena. Kabla ya hapo, kila zahanati kandokando ya mlima ule inaweza kuwa imewafundisha watu ishirini. Wakifundishwa ishirini mwezi huu na ishirini mwezi ujao, siku moja mtoto atatolewa lamboni, na kati ya wale waliokusanyika atakuwapo mmoja atakayewazuia wenzake wasimning'inize, apige magoti, na kumpa pumzi.